Walikuja Kuomba Binti

Jumamosi, 3 Julai 1982
Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Baridi mpaka kwenye mifupa. Nimepukuchua mahindi madebe mawili. Mdogo wangu Lina kapata nusu debe, na hiyo nusu kaipukuchua akicheka na kila mpita njia. Mama anasema Lina ana moyo mwepesi. Mimi eti nina moyo wa polisi. Sawa. Bila huyo polisi kuku wa nyumba hii wangekwisha zamani.

Kesho tangazo la kwanza la ndoa yangu. Mimi Veronika wa hapa Daa, na Damiano wa Ganako, fundi bomba wa hoteli ya watalii kule juu ya kreta. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu mdomoni haitoki. Nilimpenda hata kabla wazee wake hawajaja kuomba, mwezi wa tano. Nilidhani mwanamume kama yule hawezi kuniona mimi.

Jambo moja linanikera. Kanga ya Lina inanukia sabuni. Madukani Karatu sabuni haijaonekana tangu Pasaka. Sisi tunafulia majivu. Yeye kaitoa wapi?

Jumapili, 4 Julai
Katekista kasoma majina. Kauliza kama kuna anayejua kizuizi. Mimi nilikuwa namtazama Lina. Kainamisha kichwa. Lina huyu, ambaye hata msibani hutafuta mtu wa kumkonyeza!

Baada ya ibada Damiano kanipa mkono. Heshima tele, kana kwamba anamsalimia mwenyekiti wa kijiji. Lina hakumsalimia kabisa. Naye hakumtazama. Hawajagombana, najua. Sasa nini?

Jumatano, 7 Julai
Mnada. Lina kaaga anakwenda kuuza kuku. Nikamfuata kwa mbali.

Nimewaona. Nyuma ya malori ya ng'ombe. Damiano kasimama, mikono mfukoni. Lina analia. Sijamwona Lina akilia tangu tukiwa wadogo. Hawakugusana. Hilo halinipi raha, walikuwa hadharani.

Nimerudi haraka nifike kabla yake. Jioni nikamuuliza, "Umemwona nani mnadani?" Akasema, "Watu." Basi. Leo namchukia.

Jumapili, 11 Julai
Tangazo la pili. Lina kabaki nyumbani, kichwa kinamuuma. Mama kanambia njiani, "Mtoto huyu anakonda." Nikajibu kwamba mapenzi ya wizi yanakondesha. Mama akanitazama, akaongeza mwendo. Na Mama naye anajua kitu. Nyumba nzima inanificha.

Mchana Damiano kamletea Mama sabuni za hotelini, zile ndogo za wageni. Nimezinusa. Harufu ni ileile.

Jumanne, 13 Julai
Lina alikwenda kuchota maji. Nimefungua sanduku lake. Sioni aibu.

Chini ya kanga kuna mkebe wa majani ya chai. Ndani sabuni za hotelini, zimejaa hadi juu. Hata moja haijaguswa na maji. Kumbe haogi nazo. Anazitunza tu, na nguo zinashika harufu.

Kwa hasira nikazimwaga kitandani nimsubiri nazo. Ndipo nikaona. Za juu ni laini kama za Mama. Za chini zimekauka, zimesinyaa, zina nyufa kama visigino vya kiangazi. Sabuni haiwi hivyo kwa miezi miwili. Hizi ni za mwaka jana. Wazee wake walikuja mwezi wa tano, mwaka huu.

Alikuwa anamletea Lina kabla mimi sijatajwa popote.

Nimezirudisha, zilizopasuka chini, laini juu. Lina aliporudi sikumwuliza kitu. Alifikiri naumwa.

Alhamisi, 15 Julai
Nimembana Mama jikoni. Kasema yote, huku akichochea moto usiohitaji kuchochewa.

Msemaji siku ile ya mwezi wa tano alikuwa mjomba wa Damiano, katoka Mbulu, hajui sura zetu. Kasema wamekuja kuomba binti. Baba hakuuliza yupi. Kwetu mdogo haombwi wakati mkubwa yumo ndani. Baba kajibu, "Veronika yupo," akanywa pombe yao ya asali. Mjomba akarudi anafurahi. Damiano alipopata habari mambo yalikuwa yamekwisha. Kukataa binti uliyekwisha kupewa ni kumtemea baba yake mate usoni.

Lina ndiye aliyemsihi Mama anyamaze. "Mwache dada aolewe. Akimkosa huyu, nani mwingine atamvumilia?"

Maneno hayo yameniuma kuliko mnada. Na huyo Damiano hana mdomo? Siku zote hizi ananipa mkono! Ningempiga. Nampenda na ningempiga.

Mimi nilikuwa natafuta mwizi chumba hadi chumba. Aliyeshika cha mwenzake ni mimi.

Jumamosi, 17 Julai
Kesho tangazo la tatu. Naweza kunyamaza. Wote wamenyamaza, mimi ndiye wa kuanza kusema? Nitampata. Hatanipiga, hatalewa, atanisalimia kwa heshima mpaka tuzeeke. Nimewaza hivyo mchana kutwa, na nakiri nilikaribia.

Jioni nikamwambia Baba simtaki Damiano. Kwa nini? Nimemchunguza, hanifai. Hakuna aliyeshangaa, maana ndivyo nilivyo. Baba kawaka. Mkorofi, mwenye kiburi, nimemwaibisha mbele ya wazee wa watu. Nikamwacha amalize. Nikasema, "Kama ni aibu ya wazee, basi Lina yupo."

Lina alikuwa mlangoni na sufuria ya makande. Akaitua chini. Akaja kunishika. Nikamwambia aache, makande yatapoa. Akasema tu, "Dada."

Sikumtajia mkebe. Sitamtajia.

Jumapili, 18 Julai
Katekista hakusoma kitu. Wanawake wananong'ona. Veronika kaachwa. Veronika kaacha. Waseme.

Nimelia shambani, kwenye mabua, mahali ambapo hakuna mtu. Nililia vibaya.

Jumamosi, 31 Julai
Wazee wa Damiano wamerudi. Safari hii Baba kauliza, "Yupi?"

Jumatatu, 20 Septemba
Jua kali. Mahindi yote yamo ghalani. Nyumba kimya tangu harusi, hakuna wa kucheka barabarani.

Leo wamekuja kutusalimia, Lina na mumewe. Lina kanenepa kidogo. Kaingia kwa Mama moja kwa moja. Mimi nilikuwa zizini nakamua. Damiano akaja mpaka langoni, akavua kofia. Amenizidi miaka sita. Lakini sasa mimi ni dada mkubwa wa mkewe.

"Shikamoo, shemeji."

Nikaitika marahaba.