Upande wa Pili wa Shingo

Jumatano, Ntalikwa

Halafu najiita daktari wa mifugo!

Juzi nilimwambia Mama Kulwa kwamba ini la ng'ombe wake wa pekee wa maziwa limekwisha. Nilikuwa nimemchoma ng'ombe huyo rangi ya kupimia ini kwenye mshipa wa shingo, nikasubiri, nikatoa damu. Ini zima huiondoa rangi hiyo upesi, lakini majimaji ya sampuli yangu, nilipoyatenga na damu nyekundu na kuyatia dawa ya kuonyesha rangi, yalitoka zambarau iliyokolea. Mama akampigia simu mchinjaji wa Gongoni aje kumchukua ng'ombe.

Moyo haukutulia, kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda kurudia kipimo. Mchinjaji alikuwa ameshafika, kamba mkononi. Nikachoma rangi, nikasubiri, nikashika sindano nyingine.

Mama Kulwa akauliza kwa upole, "Daktari, dawa umeipitishia hapo, na damu unaitoa hapohapo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mabaki ya rangi palepale nilipochomea ndiyo yaliyonidanganya juzi. Chuoni tulionywa mpaka tukachoka, na leo nimekumbushwa na mama aliyeshika ndoo ya maziwa!

Nikahamia upande wa pili wa shingo. Nikatoa sampuli tatu, nikisubiri kidogo kati ya moja na nyingine: ya kwanza ikatoka zambarau, ya pili waridi, ya tatu karibu haina rangi, kama maji. Ini zima kabisa! Kinachomkondesha ng'ombe ni kitu kingine, labda minyoo tu. Natumaini ni minyoo. Nikikosea tena...

Lakini bado nacheka. Muda wote ule, aliyemshika ng'ombe kichwa ili asitikisike, huku akimbembeleza kwa Kinyamwezi, alikuwa mchinjaji.