Kipa Wetu wa Buswelu

Jumamosi, 14 Septemba

Sare za shule tangu asubuhi. Mashati meupe, kaptula za bluu, vifungo, tena vifungo. Saa kumi nilifunga duka nikaenda banda umiza, kile kibanda cha kuonyesha mpira kwenye runinga, pale nyuma ya stendi ya Buzuruga, kumwangalia Idrisa. Mama haangalii mdogo wangu akicheza. Hukaa kwenye mkeka na redio chini kabisa, akisikia jina la mwanawe anaizima.

Leo afadhali na mimi ningekaa na redio.

Walikuwa wanacheza na watani wao wa jadi. Uwanja wa Dar umejaa mpaka kwenye ngazi. Kipindi cha pili mtu akapiga mpira kutoka mbali, mpira wa kawaida, wa kudaka hata na mtoto wa darasa la tatu. Ukaenda kushoto kwake. Idrisa akanyoosha mikono umeshapita.

Wamefungwa moja bila. Nilijifunika khanga usoni nikatoka.

Jumapili, 15 Septemba

Kauza mechi. Ndivyo wanavyosema. Simu yangu imejaa hayo maneno. Mtu ameweka mitandaoni picha ya nyumba aliyomjengea Mama hapa Buswelu, anauliza hela ilitoka wapi. Nyumba ambayo hata rangi haijapakwa upande wa nyuma.

Nina hasira ya kuvunja vyombo.

Idrisa hapokei.

Jumatano, 18 Septemba

Klabu imemsimamisha. Inachunguza. Wamesema hivyo tu, na hivyo tu imetosha. Watu wanasoma "inachunguza" kama hukumu.

Mama kaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia hapana. Akasema yeye anajua ni hapana, alikuwa anataka kusikia nikisema.

Jumapili, 22 Septemba

Amerudi. Hakuniambia anakuja. Kapanda basi la kawaida, kofia mpaka kwenye nyusi, ili asitambuliwe. Masalu akamtambua. Huyu Masalu ni mwenyekiti wa bodaboda wa stendi yetu, alicheza naye tangu wakiwa wanatumia mpira wa makaratasi.

Mimi nilikuwa nje naanua nguo. Nikasikia pikipiki nyingi zinapanda kilima, honi juu ya honi. Nikajua wanakuja kutuchomea nyumba. Nilimvuta Mama ndani nikaweka kitasa, nikashika mchi. Sikujua ningefanya nini nao.

Kumbe ni msafara. Idrisa katikati, nyuma ya Masalu, begi lake limebebwa na mwingine. Wamemsindikiza mpaka mlangoni. Masalu akanisalimia, akaniambia kijana wetu huyu hapa, akale, alale. Wakaondoka bila hata kunywa maji.

Niliweka mchi chini.

Jumanne, 24 Septemba

Watu wanaingia na kutoka kama tuna msiba. Jirani kaleta sato wabichi. Akina mama wa soko la samaki wamekuja na mafuta na nyanya, wakapika wenyewe, wakaosha vyombo. Sheikh kapita kuomba dua. Mchungaji wa hapo juu naye kapita. Sokoni, nimeambiwa, mtu mmoja kasema Idrisa ni mwizi, na wauza dagaa wakakataa kumuuzia. Kaondoka na kikapu kitupu.

Kocha Lubango naye kaja, mzee wa watu, na fimbo yake. Ndiye aliyemweka Idrisa golini akiwa mdogo, kwa sababu hakujua kukimbia. Kakaa naye kitambo. Kamwambia: tunajua hukufanya. Sema neno moja tu, sisi tutalipeleka mpaka Misungwi.

Idrisa akashukuru kwa Kisukuma, "wabeja, kocha." Basi. Akaangalia chini.

Hiyo ndiyo imenitisha. Mtu asiye na kosa anakataa. Kwa nini huyu hakatai?

Alhamisi, 26 Septemba

Nimejua.

Mchana Mama kaenda kusalimia wagonjwa. Tulibaki wawili barazani. Nikamuuliza waziwazi kama amekula hela. Akasema hapana, naapa. Nikamwambia basi toka nje uwaambie watu. Akasema hawezi.

Nikachukia. Nikainuka nikapita upande wake wa kushoto ili niingie ndani, na khanga yangu ikamgusa bega. Akaruka kama kaguswa na nyoka. Mimi nilikuwa pale pale, karibu kuliko kitu chochote. Hakuniona.

Nikasimama. Nikanyoosha mkono polepole kando ya uso wake, upande uleule. Hakugeuka.

Tangu lini, nikamuuliza. Akaanza kulia, mwanaume mkubwa vile.

Goti la mchezaji mwenzake, mazoezini, kabla ya msimu uliopita kuisha. Jicho lilivimba likapona. Kisha ukungu ukaanza, kila wiki mzito zaidi. Sasa kushoto anaona mwanga tu. Mpira akiuona, umeshafika. Kipimo cha macho cha klabu alikivuka kwa kusikiliza aliyekuwa mbele yake akisoma zile herufi, akazikariri. Hajamwambia mtu. Hata daktari.

Nikamuuliza kwa nini anaacha aitwe mwizi wakati ni mgonjwa.

Akasema, "Mwizi watamsamehe, dada. Akirudi akadaka penalti moja, wamesahau. Kipa asiyeona nani atamsajili?"

Nikaingia ndani nikamletea maji ya kunawa uso.

Jumamosi, 28 Septemba

Kaniapisha nisimwambie Mama. Nimekubali. Nimekubali vibaya. Nakula na Mama, nakunja nguo na Mama, huku namficha.

Nimemwambia Idrisa twende hospitali kimyakimya. Anasema Mwanza hii hakuna kimyakimya kwake, akivuka tu mlango wa kliniki ya macho jioni Tanzania nzima inajua. Na ni kweli.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kocha Lubango na Masalu wameitisha mkusanyiko Jumapili kwenye uwanja wa Buswelu. Watu waje na jezi zake. Wanataka Dar wajue kijana ana kwao. Wameniletea kitambaa kirefu cheupe nishone bango. Maneno wameyaandika wao kwa chaki: TUNAKUAMINI IDRISA.

Nimeshona leo kutwa. Sindano imenivunjikia. Watu wanamwamini kwa jambo moja, na yeye anawaficha jingine. Kila herufi ilikuwa inaniuma.

Nilipomwonyesha Idrisa alilishika muda mrefu.

Jumapili, 6 Oktoba

Sikutegemea watu wengi vile. Walitoka Buzuruga, Nyakato, mpaka huko Igoma. Wengine na watoto mgongoni. Bodaboda zimezunguka uwanja mzima. Ngoma. Akina mama wa samaki wamevaa jezi juu ya magauni. Bango langu limefungwa kwenye goli, goli lilelile alilokuwa anadakia zamani.

Masalu kampa kipaza sauti. Tulijua atashukuru akae. Mimi nilisimama na Mama.

Akasema hakuuza mechi. Vigelegele. Akanyoosha mkono wanyamaze. Akasema lakini aliwadanganya wote, klabu, kocha, na mama yake mzazi pale. Akasema jicho la kushoto halioni. Kasema hivyo mara mbili.

Nilisikia kuku wa watu wakilia mbali huko.

Mama alinishika mkono akaufinya mpaka pete ikaniumiza. Hakuniangalia. Alijua kwamba nilijua.

Kocha Lubango akaenda mpaka katikati na fimbo yake. Akamwambia, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi, "Ungetuambia tungekufanya nini, Idrisa? Tungekukataa? Sisi hapa nani hana ndugu mgonjwa?"

Halafu akamvuta kichwa akakilaza begani kwake. Watu walianza kupiga makofi, siyo ya mpira, yale ya taratibu. Wengi wanalia. Masalu kavua kofia ya pikipiki kageukia upande mwingine. Mama mmoja wa sokoni akasema kwa sauti kwamba kesho asubuhi yeye mwenyewe anampeleka kwa daktari, na asijaribu kukataa.

Naogopa kuhusu kesho. Lakini sina tena cha kumficha Mama.

Jumanne, 8 Oktoba

Kuna mtu alirekodi. Nchi nzima imeona. Wale wale waliomtukana wanaandika pole. Sitaki pole yao. Basi, naitaka kidogo.

Daktari kasema ni mtoto wa jicho, ametokana na lile goti. Linaweza kufanyiwa upasuaji, wataweka lenzi. Hakuahidi. Kasema hawezi kujua nyuma ya ukungu kuna nini mpaka autoe.

Mchana klabu ikapiga simu. Idrisa aliweka sauti ya nje, tukasikia wote. Uchunguzi wameufunga, hana kosa la kuuza mechi. Daktari wao kakasirika sana na ana haki. Gharama watabeba wao. Akiona, nafasi yake ya mazoezi ipo. Asipoona, watakaa wazungumze.

Wote tunajua maana ya kukaa na kuzungumza.

Alhamisi, 17 Oktoba

Upasuaji leo. Mama kafunga. Mimi nimekaa kwenye benchi la korido na tasbihi yake mkononi. Nje getini bodaboda zilikuja zikapiga honi, muuguzi akatoka kuwafukuza, wakazima pikipiki wakakaa chini ya ukuta. Wakakaa tu. Hakuna aliyebeba abiria muda wote ule.

Wamemtoa na bandeji. Daktari anasema imekwenda vizuri. "Vizuri" ya madaktari siiamini.

Ijumaa, 18 Oktoba

Wamefungua bandeji asubuhi. Daktari kamfunika jicho la kulia, akamwambia aangalie mbele. Mbele nilikuwa mimi.

Kaniangalia. Kapepesa. Kaniangalia tena, muda mrefu.

Akasema, "Dada, umezeeka."

Nilicheka nikaanguka kwenye kiti nikalia kwa sauti, hospitalini, mtu mzima mimi. Mama alipiga kigelegele kimoja tu, muuguzi akamwacha. Kule nje walikisikia. Honi za getini sasa hakuna aliyezikataza.

Alhamdulillah. Alhamdulillah. Sijui kuandika kingine.

Jumamosi, 30 Novemba

Kaondoka kwenda Dar jana. Daktari kamruhusu mazoezi mepesi, na lazima avae miwani ya kinga, ile ya mpira inayofungwa nyuma ya kichwa. Anasema anafanana na fundi wa kuchomelea mageti.

Nyumba kubwa ghafla.

Jumamosi, 18 Januari

Kakaa benchi leo. Kamera ilimwonyesha mara moja, akitafuna bigijii. Banda umiza wakashangilia kama kafunga goli.

Jumamosi, 22 Februari

Kesho klabu yake inacheza hapa, uwanja wa Kirumba, na timu yetu ya Mwanza. Kipa wao wa kwanza kaumia kidole. Idrisa anaanza.

Nina hofu tena, ya aina nyingine. Watu wa Mwanza wanaipenda timu yao, na iko chini kwenye msimamo, inahitaji pointi. Kumpenda Idrisa akiwa mgonjwa ni rahisi. Kesho ndiye anayewazuia kufunga. Wakimzomea nyumbani kwao, sijui atainuka vipi.

Mama kasema anakuja uwanjani. Sikuamini. Katoa gauni lake la Idi akalinyoosha pasi.

Jumapili, 23 Februari

Nimerudi, sina sauti.

Tuliingia mapema, tukakaa upande wa jua. Nikaona mtu kavaa miwani mikubwa ya jua. Kisha mwingine. Kisha mzee na miwani ya kusomea kwenye ncha ya pua. Bodaboda wote na zile za kuzuia upepo. Akina mama wa samaki na za plastiki za rangi za watoto. Jukwaa zima miwani! Masalu ndiye aliyetembeza habari wiki nzima, na mimi hakuniambia. Akampa Mama moja nyeusi. Mama kaivaa juu ya ushungi akawa kama mke wa waziri.

Idrisa akatoka na miwani yake ya kinga kupasha misuli. Akainua macho. Nilimwona anasimama katikati ya hatua. Akaweka mikono kiunoni, akainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Sikujua anacheka au analia. Vyote, kaniambia baadaye.

Hawakumzomea. Kila akidaka walipiga makofi, kisha wanaikemea timu yao ipige kwa nguvu zaidi. Mama hakufumba macho. Aliweka tu mkono kwenye goti langu akalibonyeza kila mpira ulipovuka katikati.

Klabu yake ikatangulia kufunga. Kisha karibu na mwisho, winga wa timu ya Mwanza akapiga mpira wa kupinda kutoka kushoto kwa Idrisa, ukaenda juu kabisa pale kwenye kona ya goli. Idrisa aliruka vizuri, mkono wote. Haukufikika. Moja moja. Kirumba ikapasuka, na katikati ya kelele zile nikasikia wanaimba jina lake, jina la kipa waliyemfunga.

Mimi nilikuwa naangalia uso wake. Alikuwa amekaa chini golini anatabasamu.

Baada ya mechi tulipewa dakika chache naye nje ya basi la klabu. Alimshika Mama mikono yote miwili.

"Niliuona, Mama," akasema. "Tangu unatoka mguuni mpaka unaingia. Niliuona wote. Ulinishinda tu."

Jumatano, 26 Februari

Mvua asubuhi, kisha jua. Ramadhani inakaribia, kila mtu anataka kanzu. Mama kalala mchana, kitu asichofanya.

Alasiri kaja mteja nisiyemjua, na suruali ya kupunguza. Wakati nampima akawa anaongea na mwenzake mambo ya mechi. Kasema yule kipa wa Buswelu anadaka vizuri lakini pasi zake za miguu mbovu, na anachelewa kuanzisha mpira. Ana miguu ya mbao, kasema. Macho hakuyataja.

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaweka alama ya chaki kwenye pindo, nikamwambia aje kuichukua kesho jioni.