Nilivyosimamisha mechi ya kaunti

Tamsin, usipige simu. Baba mkwe yuko pembeni yangu.

Siku ya nne ya mechi ya kriketi. Wapinzani wanahitaji mikimbio miwili tu washinde. Sisi tusipomtoa mpigaji wao wa mwisho, kaunti yetu inashuka daraja. Na mimi hapo ndipo nikainuka kwenda kuchukua chai.

Nikakatiza mbele ya ule ubao mweupe nyuma ya mrushaji, unaomsaidia mpigaji kuuona mpira. Mbele yake kabisa, Tamsin! Mpigaji akagoma kucheza, akaninyooshea gongo.

Wazee wote wenye blanketi magotini wakageuka. "We dada, keti chini!" "Hiyo chai itakimbia?" Jirani akamuuliza baba mkwe, "Clifford, huyu si wako?" Akajifunika gazeti. "Sijawahi kumwona."

Sijawahi kumwona! Na tumekuja gari moja!

Nikachuchumaa kwenye nyasi. Mpira uliofuata, mpigaji bado ananikodolea macho, vijiti nyuma yake vikaruka, ametolewa! Tumeshinda kwa mkimbio mmoja!

Wazee wakapiga makofi kama wanafukuza nzi, na kwao huko ndiko kupagawa. Baba mkwe akasimama, akanishika bega mbele yao wote. "Huyu ni mkwe wangu. Kriketi nimemfundisha mwenyewe."