Nilimwambia Baba Mkwe Kwamba Morcilla ya Mama Imepasuka

Bi Obdulia mpendwa, mshauri wetu wa kila Jumapili gazetini,

Naomba unisaidie haraka, maana harusi yangu ni Jumamosi ya wiki ijayo na mama yangu mzazi amesema hatanishika mkono kuniingiza kanisani, nami nimekosa usingizi, chakula hakipiti, na kinachoniuma zaidi ni kwamba mdomo ulioniponza ni huu huu wangu, sina wa kumsingizia.

Mimi naitwa Froilán, mzaliwa wa hapa hapa León, na mama yangu ni Etelvina mwenye baa katika mtaa wa Húmedo, bila shaka umewahi kula kwake kwa sababu nani hajala kwake. Mchumba wangu Casilda ni wa Burgos, na tukishafunga ndoa tutahamia huko maana nimepata kazi ya useremala, lakini hilo si tatizo, tatizo ni baba yake, Don Lesmes, mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga León maisha yake yote ingawa ni mwendo wa saa mbili kwa gari, akisema mtu mwenye kanisa kuu kama la Burgos hana haja ya kwenda kutazama ya wenzake. Sasa mwezi uliopita akatangaza kwamba atakuja kutembea siku nzima, auone mji na aonje chakula, kwa sababu hawezi kumwoza binti yake kwa mtu ambaye yeye hajui kwao wanakula nini. Hapo, Bi Obdulia, hofu ikaniingia, maana nampenda Casilda kuliko ninavyoweza kuandika, nikaapa moyoni kwamba siku hiyo sitabishana na mzee kwa neno lolote.

Nikampeleka kwanza kanisa kuu, asubuhi, jua likiwa linaingia kwenye vioo na sakafu nzima imejaa rangi, wageni wameachama midomo, na mzee akaweka mikono nyuma, akazunguka polepole, kisha akasema, "Vioo vizuri, sikatai. Lakini kuta ziko wapi? Nyinyi mlijenga madirisha mkasahau kanisa."

Nikasema, "Kweli kabisa, Don Lesmes."

Tulipotoka nje akatazama juu. "Na hii minara mbona mmoja mrefu, mwingine mfupi? Fundi aliishiwa mawe?"

"Huenda aliishiwa, Don Lesmes."

Casilda akanifinya mkono. "Wewe Froilán, una akili kweli? Baba anakutania, mjibu!" Nikamwambia anyamaze, nataka amani. Tukaenda kanisa la San Isidoro kwenye makaburi ya wafalme, mzee akavua kofia alipoona ile dari yenye michoro, akainua shingo akaitazama hadi nikafikiri sasa amekubali, kumbe anatafuta kasoro, akasema rangi zimefifia, nami nikasema zimefifia kweli, ilhali watu wanavuka bahari kuja kuzitazama kwa jinsi zilivyobaki mpya.

Mchana tukaingia Húmedo, baa kwa baa kama tunavyofanya, kila glasi ndogo ya divai inakuja na kisahani chake, huku viazi vya kitunguu saumu, kule nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi na kukatwa nyembamba, na mzee akaanza kuchangamka, akawa anasalimia hata watu asiowajua, mashavu yamekuwa mekundu, nami nikasema moyoni Mungu mkubwa, nimepona. Tukamalizia kwa mama. Mama alikuwa amevaa hereni zake za sikukuu na kusuka nywele, akaleta kwa mikono yake mwenyewe bakuli la udongo lenye morcilla, soseji yetu ya damu, ile ile inayofanya watu wasimame hadi barabarani, nyeusi, laini, inatoa moshi, na mkate pembeni wa kuichotea.

Don Lesmes akaitazama. Akamtazama mama kwa huruma, namaanisha huruma ya kweli, akamgusa bega, akasema, "Pole sana, Doña Etelvina. Imekupasukia sufuriani. Usijali, hata marehemu mke wangu ilikuwa ikimpasukia, nami nilikuwa nakula vile vile."

Bi Obdulia, baa yote iligeuka kututazama. Hakuna mtoto wa León asiyejua kwamba sisi soseji yetu ya damu tunaivua ngozi makusudi, na kitunguu ndani yake kikalainika hata ikaliwa kwa mkate. Mama alinigeukia mimi, akanitazama, akangoja. Nami nikafungua mdomo nikasema, "Ndiyo, Don Lesmes, leo imepasuka kidogo, moto ulikuwa mkali."

Mama akafungua aproni yake, akaitundika, akamwambia mchumba wangu, "Casilda mwanangu, karibu sana, kula ushibe," akapanda ngazi kwenda chumbani na hakushuka tena. Mzee hakuelewa kitu, alikaa pale akala bakuli zima na kupangusa mabaki kwa mkate, halafu akauliza kama mama anaumwa.

Tangu siku hiyo mama haongei nami ila kwa kupitia watu, nimesimama mbele yake anamwambia mteja, "Hebu mwambie Froilán chakula chake kiko jikoni, na aangalie kisije kikampasukia." Unajua kwetu bwana harusi huingia kanisani akiwa ameshikana mkono na mama yake, yeye ndiye msimamizi, na mama alishanunua shela nyeusi ya kuvaa kichwani na kitana kirefu cha kuishikilia, sasa vyote amevirudisha kwenye sanduku na kusema, "Nitakwenda Burgos kama mgeni, nitakaa benchi la nyuma. Atafute wa kumshika mkono miongoni mwa wanaojua kupika." Casilda naye amenijia juu, ananiambia, "Kama huwezi kumtetea mama yako mbele ya baba, mimi utanitetea mbele ya nani?" Nimefikiria kumwomba shangazi yangu anisindikize, nimefikiria pia kumwomba mama apike siku moja morcilla ya Burgos yenye mchele ili wazee wapatane, au kumwambia kwamba Don Lesmes umri umemchanganya kidogo. Nifanye lipi?

Wako mwenye mashaka,
Froilán

BI OBDULIA ANAJIBU

Froilán mwanangu, pole. Nimelitanguliza neno hilo kwa sababu mbele huko sitakuwa na nafasi nalo.

Nusu ya habari yako nilikuwa nimeshaisikia kwenye foleni ya mkate, na niliposoma nusu iliyobaki nikacheka hadi miwani ikaanguka. Kisha nikafika pale mama yako alipokugeukia akangoja, na kicheko kikaisha. Wewe mwenyewe umeandika, "akangoja." Mwanamke mwenye ulimi kama wa Etelvina angeweza kumjibu mzee yule mwenyewe na mtaa mzima ukapiga makofi. Alinyamaza ili neno uliseme wewe. Nawe ukamletea habari za moto mkali!

Hukuanza pale, usijidanganye. Ulianza asubuhi. Uliuza madirisha, ukauza minara, ukauza hadi dari ya wafalme, na mtu aliyeuza vyote hivyo kabla ya chakula cha mchana atashindwaje kuuza sufuria ya mama yake? Unaiita amani. Mimi naiita kujipendekeza, na Casilda anaiita hivyo hivyo, ila yeye bado anakupenda kwa hiyo amekuuliza kwa upole. Lile swali lake ni zito kuliko barua yako yote, lijibu kabla hujavaa pete.

Don Lesmes mwache, hana kosa. Kwao morcilla hukatwa vipande na kukaangwa na ngozi yake, akiiona imelegea atafikiri nini tena? Akampa pole mpishi, akamtajia na marehemu mkewe, kitu ambacho wazee wa namna ile hawakitaji ovyo. Halafu akala bakuli zima na kulipangusa. Mtu wa Burgos kupangusa bakuli la León! Je, mama yako anajua hilo? Hajui, alikuwa ameshapanda ngazi, nawe umeikalia habari tamu kama hiyo huku unazunguka kutafuta shangazi. Mshenzi mwema wewe.

Sasa tuje kwenye lile uliloliandika haraka haraka ukasema si tatizo. Unahamia Burgos. Umelipitia kama mtu anayeruka dimbwi. Mama yako hakununa kwa ajili ya soseji, mwanangu. Tangu uliposema unahama amekuwa akijikaza, ananunua shela, anasuka nywele, anacheka na mkwe, na siku hiyo akaona kwamba mwanawe ameshahama hata mizigo haijafungwa. Mwacha asili ni mtumwa, na hakuna mama anayetaka kumshika mkono mtumwa kumpeleka madhabahuni.

Haya, nisikilize. Shangazi yako asiguswe na jambo hili. La kumtukana mzee wa watu kwamba amechanganyikiwa, lifute. La kumwambia Etelvina apike ya mchele, hilo usilitamke hata kwa padri, maana utakuja kuoa na pua iliyovunjika.

Kesho asubuhi, wateja hawajaingia, nenda jikoni kwake, vaa aproni, vuta kapu la vitunguu uanze kumenya. Usihutubie. Vikikutoa machozi, afadhali. Mama akiwa hapo hapo kwenye jiko lake, mpigie simu Don Lesmes, sauti ya kutosha, umwambie hivi: "Don Lesmes, nilikudanganya. Haikupasuka. Kwetu ndivyo inavyopikwa, na hapa mjini hakuna anayeipika kama mama yangu." Kisha muulize bakuli lake lilibaki na nini, na simu mpe mama ajibiwe yeye. Mzee atanguruma, mwache angurume. Akimaliza kwa kusema ya Burgos bado ni tamu zaidi, na atasema, namjua bila kumjua, mjibu kwa heshima zote, "Hapana, baba." Ni neno jepesi. Lijaribu sasa hivi ukiwa na gazeti mkononi.

Mkono wa mama usiuombe siku hiyo. Menya vitunguu vyako ukimaliza uoshe sufuria, na kesho yake urudi tena, hadi shela itoke sandukuni yenyewe. Nenda Burgos, ukae na Casilda kwa raha, mzeeke huko mkitaka. Ila mlango wa kanisa lao uuingie ukiwa mtu mwenye kwao.