Pipa Lililosimama Kando ya Kitanda

9 Februari

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mikono haikusumbui kama ilivyokusumbua siku ya mazishi. Mimi mwili mzima, mengine usiniulize.

Najua hatukusemezana pale makaburini, na najua hukupenda niolewe na mwanao. Lakini sina mwingine anayeijua kazi hii ya picha, uliyomfundisha wewe. Mama, kuna pipa lake, lile la kusafishia filamu. Siku ile ya kifo alikuwa chumba cha giza anasafisha filamu, akatoka mara moja kuja jikoni kunywa maji, akaanguka na glasi mkononi. Ile mashine ya kuzungusha ilikuwa bado inanguruma na pipa juu yake. Jirani aliyekuja mbio ndiye aliyechomoa waya. Pipa halijafunguliwa mpaka leo. Ni zito, na nikiligusa nasikia maji yanacheza ndani.

Kamera nimeiangalia, ni tupu. Kwa hiyo filamu imo humo. Na picha ya mwisho kwenye filamu hiyo niliipiga mimi. Unamjua mwanao, mji mzima kaupiga picha lakini ya kwake hataki. Asubuhi ile ile nilimnyang'anya kamera akiwa ananyoa ndevu, shavu moja limejaa povu, anacheka, ananiambia niache utoto. Sina picha yake nyingine ila ile ya kitambulisho, ambayo amekunja uso kama mtu aliyekula limau.

Juzi fundi umeme alikuja kutazama nyaya, akataka kufungua kifuniko aone kuna nini. Nilimtimua na ufagio. Nifundishe, Mama, niitoe hiyo picha mwenyewe. Nakuambia bila kukuficha, pipa hili ndilo linaloniamsha asubuhi. Likiondoka hilo sioni kwa nini niamke.

Mkwe wako


2 Machi

Mkwe,

Marahaba. Mimi nipo. Mikono ndiyo hiyo, kalamu naishika kwa vidole vitatu, ukiona herufi zimelewa usinicheke.

Nimeisoma barua yako. Nijibu mambo mawili, na usinizungushe. Filamu ilikuwa hiyo moja tu, au alipakia na nyingine? Na pipa bado limelala juu ya mashine kama alivyoliacha, au umelisimamisha?

Usilifungue. Ule kitu. Huyo fundi ulimpiga kweli au ulimtishia tu?

Mama wa marehemu


7 Machi

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo. Nashukuru umenijibu, sikutegemea. Pole na vidole.

Fundi nilimpiga. Ya mgongoni, moja.

Filamu ilikuwa hiyo moja tu. Na pipa nililitoa kwenye mashine siku ile ile tuliyorudi makaburini, niliona vibaya kuliacha peke yake kule gizani. Nimelisimamisha kando ya kitanda, upande aliokuwa akilala. Nikizidiwa nalikumbatia. Nalibembeleza kama mtoto, na yale maji ndani yananijibu. Utasema nimerukwa na akili. Labda.

Sasa niambie cha kufanya, nami nitafanya siku hiyo hiyo barua ikifika.

Mkwe wako


11 Aprili

Mkwe,

Marahaba. Usinifikirie vibaya kwa kuchelewa. Barua yako ilipofika nilianguka kitandani, wiki zikapita, watu wakasema homa, nami nikawaacha waseme. Sasa nimeamka. Wewe unakula?

Sikiliza. Hilo pipa la kitandani liache hapo lilipo, hutaligusa mpaka nikuambie. Chini ya meza ya chumba cha giza lazima kuna jingine la akiba, maana mwanangu hakujua kutupa kitu. Hilo ndilo la kujifunzia. Lijaze maji. Lilaze juu ya yale magurudumu madogo, shingo ielekee kwenye sumaku ya mota. Usilisukume kwa nguvu. Lisogeze taratibu, sumaku italinasa yenyewe. Hapo litazunguka bila shida.

Shida ni kumwaga. Hapo ndipo watu wanapoumia. Mvivu anavuta ule wenzo wa kuinulia pipa kwa mkono mmoja, anaacha pipa lining'inie kwenye sumaku, na sumaku haina undugu na mtu. Mkono mmoja uwe chini ya tumbo la pipa wakati wote. Viwiko vibane mbavu. Nyanyua kwa magoti, siyo kwa mgongo, siyo kwa vifundo vya mikono. Mimi nilinyanyua kwa vifundo, ndiyo maana leo nafungwa vifungo vya nguo na jirani.

Zamani tulikuwa tunanyanyua wawili, yeye tumboni, mimi shingoni. Ulipomchukua nikabaki nanyanyua peke yangu, na mikono ikaenda. Nilikuchukia kwa hilo. Nimekwisha kulisema, sasa tufanye kazi.

Mama wa marehemu


24 Aprili

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo. Homa imeisha? Mimi naandika mguu ukiwa juu ya kiti.

Nilifanya kama ulivyosema, ila nilisahau ule mkono wa chini. Sumaku ikaachia, pipa likatua kwenye kidole gumba cha mguu, maji yakajaa chumba kizima. Nikakaa sakafuni kwenye maji nikamtukana mwanao. Nilimtukana kwa kufa, nikamtukana kwa kunywa maji, nikamtukana kwa kununua mashine nzito badala ya kutafuta kazi ya ofisini. Halafu nikaamka nikalijaza tena. Mara ya pili halikuanguka. Nilipolimwaga lote nililia kama mjinga, kwa sababu hakuwepo wa kumwambia.

Kuhusu ulivyonichukia, nilijua. Mimi pia nilikuwa nakusema.

Sasa nifanye lile lenyewe? Kidole hakinizuii.

Mkwe wako


3 Mei

Mkwe,

Marahaba, na pole ya kidole. Hakuna fundi wa mashine hiyo ambaye kucha zake zote ni za kuzaliwa nazo. Karibu chamani.

Lile lenyewe bado. Mtu aliyemwaga maji sakafuni juzi hawezi kukabidhiwa uso wa mwanangu leo. Tafuta filamu mbovu, ukae nayo gizani, ujifunze kuipakia mpaka vidole vijue njia bila macho. Ukishaipakia na kufunga kifuniko, laza pipa, mimina dawa ya kwanza moja kwa moja, na mashine izunguke. Ukiweza hivyo, pokea kazi za watu. Ndogo ndogo.

Na kunisema endelea, ila usiache kula.

Mama wa marehemu


30 Juni

Kwa Mama mkwe,

Shikamoo Mama. Hali yako? Vidole vitatu vinaendeleaje?

Mwalimu wa shule ya hapa jirani aliniletea filamu za picha za darasa. Nilikataa, nikakubali, nikakataa, akaziacha mezani akaondoka. Nimezitoa. Watoto wote wametoka, hata yule aliyefumba macho na yule aliyemwekea mwenzake pembe kichwani. Mwalimu alizitazama akaniambia, "Kumbe duka halijafungwa." Nikaingia chumba cha giza nikafunga mlango.

Pipa sasa nalinyanyua bila kufikiri. Mkono wenyewe unakwenda chini ya tumbo. Lakini usidhani nimepona. Mchana nafanya kazi za watu, jioni narudi nakaa kitandani, naliangalia lile lililosimama. Nimefanya yote uliyoniambia. Mikono iko tayari. Nakuomba, Mama, nakupigia magoti, niambie siku. Nataka kumwona. Sina ombi lingine duniani.

Mkwe wako


12 Julai

Mkwe,

Marahaba. Bado.

Mama


6 Agosti

Leo sina shikamoo.

Kuna mpiga picha mmoja mzee analeta filamu zake hapa. Wiki chache zilizopita aliniuliza mbona naanza na dawa moja kwa moja, siloweshi filamu kwanza. Akasema mume wangu alikuwa anaanza na maji ya vuguvugu, pipa linazunguka nayo kidogo, anamwaga, ndipo anatia dawa. Nikasema ngoja nijaribu kwa filamu ya mazoezi. Nikatia maji, nikazungusha, umeme ukakatika. Nikalitoa pipa nikalisimamisha kwenye kona, wateja wakaingia, nikalisahau na joto la chumba kisicho na dirisha. Leo nimelifungua. Nilipoivuta filamu, ule utando unaobeba picha ukateleza, ukabaki kidoleni kama utando wa maziwa. Imebaki plastiki.

Maji yaliyomo kwenye pipa langu ni hayo. Alilowesha, akaenda kunywa maji. Wewe umeisimamia kazi hii maisha yako yote, ulijua tangu barua yangu ya kwanza, na kwa makusudi hukunifundisha kulowesha.

Halafu nikakumbuka swali lako. Limelala au limesimama. Nimekaa nalo swali hilo mpaka nimelielewa. Pipa likilala, maji kidogo yale yanakaa chini na sehemu ya filamu inabaki juu yake. Mimi nikalisimamisha. Filamu moja, iko chini kabisa, ikazama yote. Nikalikumbatia, nikalibembeleza. Nimeuzamisha uso wake kwa mikono yangu mwenyewe na wewe ukanyamaza, ukaniambia nijaze maji, nipakie, nipokee kazi, bado, bado. Miezi yote umenichezea shere.

Usiniandikie tena.


14 Agosti

Mwanangu,

Umesema nisikuandikie. Naandika, na nimempa jirani anayekuja huko barua hii mkononi, nikamwambia asiondoke mlangoni mpaka akuone kwa macho yake.

Ndiyo, nilijua. Niliposoma neno maji kwenye barua yako ya kwanza nilijua. Lakini chini yake uliandika kwamba pipa ndilo linalokuamsha asubuhi. Ningekujibu nini? Nimekwisha kuzika mmoja, na siku ile sikuwa na nguvu za kukupoteza na wewe, hata kama nilikuwa sikupendi. Ndiyo maana nikasema bado. Ningesema bado mpaka nife.

Na usidhani uso ule ulikuwa wako peke yako. Wewe unayo hata hiyo ya limau. Mimi sina. Tangu aondoke kwangu sikuwa na picha yake, kwa kiburi changu, nikisema atarudi mwenyewe nimwone. Nililia mara ya pili peke yangu humu ndani, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu wa kumwambia ulikuwa wewe.

Sasa kuhusu lile swali. Nisikilize vizuri. Lilikuwa swali la mazoea tu, maswali ya fundi mzee. Pipa lingelala, lingesimama, filamu ingeharibika vile vile. Unyevu ungeila mpaka sehemu ya juu. Hata kama usingeligusa kabisa. Hukuharibu kitu, mwanangu. Hukumzamisha mtu.

Nichukie, una haki. Lakini nichukie ukiwa hai. Nitumie hata tusi, nitalipokea.

Mama


20 Septemba

Kwa Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa ukimya. Jirani yako aliniona kwa macho yake, nadhani alikuambia nilivyokuwa. Alinipikia kabla hajaondoka, na hakutaka kuondoka mpaka nimalize sahani.

Jana nililifungua. Nilizima taa ingawa haikuwa na maana tena, sikuweza kumfanyia kwa taa. Nililibeba kutoka kitandani mpaka chumba cha giza, mkono mmoja chini ya tumbo, viwiko mbavuni, kama ulivyosema. Yale maji sikuyamwaga, niliyakinga kwenye beseni. Kisha nikatia dawa ya kwanza, nikazungusha, nikatia ya pili, nikasuuza, sikuruka hatua hata moja, nikaifanyia kama filamu ya mteja anayesubiri nje. Nikaitundika, nikawasha taa.

Ni nyeupe, Mama. Unaona ukuta wa pili kupitia kwayo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna povu, hakuna shavu. Na maji ya kwenye beseni yamechafuka kama ya kuoshea mchele. Beseni bado lipo chini ya meza, nimelifunika. Siwezi kuyamwaga na siwezi kuishi nayo. Wewe ndiye fundi mkubwa, niambie yanawekwa wapi maji kama hayo.

Kesho mwalimu anakuja na filamu nyingine, kwa hiyo nitaamka. Zaidi ya kesho siahidi.

Na lile ulilosema, kwamba swali lilikuwa la mazoea. Mama, mimi sasa ni fundi. Najua sehemu ya juu ingepona, labda shavu, labda jicho moja. Na tarehe za barua nimezitazama. Kitandani hukuanguka baada ya barua yangu ya kwanza, ulianguka baada ya jibu langu. Lakini ile karatasi nimeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo, na hapo ilipochanika ndipo penye maneno ninayoyataka.

Niandikie tena. Niandikie kwamba ingeharibika tu, hata kama nisingeligusa kabisa.

Mwanao