Kiti cha Mbele Kilifungwa kwa Waya

Alhamisi, alasiri. Mvua imeipiga Sake tangu asubuhi na sasa yamebaki manyunyu. Nimelala kwa ubavu wa kushoto kama nilivyoamriwa, simu iko juu ya mto, naandika kwa kidole kimoja. Moyo wangu ni mzito. Nilikaa wiki tatu bila kuandika humu, na nilidhani nikirudi nitarudi na habari njema.

Nina mimba ya miezi mitano. Haya, nimesema. Sikuitaja mapema kwa sababu ni ya kwanza baada ya miaka minne ya ndoa, na niliogopa hata kuiandika. Tangu juzi Jumanne natokwa na damu.

Lazima nianze na kiti, maana bila kiti mengine hayaeleweki.

Jeep yetu ina milango miwili tu. Anayekaa nyuma anapitia mlango wa abiria wa mbele. Unavuta kishikio pembeni mwa kiti, mgongo wake unainama, kisha kiti chote kinateleza mbele juu ya reli zake na unajipenyeza. Huko ilikotoka, ikiwa mpya, nadhani ulikisukuma kwa mkono mmoja huku unaongea na simu. Sisi tuliipata imeshazeeka, na barabara ya Masisi ikamalizia kazi. Meno ya kufuli la kiti yalilika. Siku moja kwenye mteremko kiti kiliachia chenyewe, kikamsukuma baba mkwe wangu hadi magoti yake yakagonga dashibodi. Na magoti ndiyo ugonjwa wake, anatembea kwa fimbo.

Mume wangu Kambale ni fundi. Anatengeneza pikipiki na magari ya nusu ya Masisi, na gari lake mwenyewe linangoja zamu, ndivyo mafundi walivyo. Alichukua waya, akakifunga kiti kwa chini, akaukaza kwa koleo. Alisema ni wa siku mbili tu. Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka.

Tangu hapo, kumtoa mtu wa nyuma ni shughuli nzima. Baba mkwe ashuke kwanza na fimbo yake, Kambale azunguke, apige magoti kwenye matope, afungue waya, ndipo kiti kiiname. Mlango wa nyuma kabisa nao hausaidii. Kule tunapanga magunia ya maharagwe na fromaji, yaani jibini, za kuuza, mpaka juu.

Kwa hiyo mtu wa nyuma hashuki. Anavumilia. Na mtu wa nyuma siku zote ni mimi.

Baba mkwe ni mfanyabiashara, alitoka upande wa Butembo akafungua duka Masisi miaka mingi iliyopita. Si mkali. Watu wa dukani wanamtania na anacheka. Lakini mimi ni mtoto wa wakulima wa milimani, na mama yangu alinilea kwa sheria zake kuhusu baba wa mume. Jina lake hulitaji. Kiti chake hukikalii. Akipita kwenye baraza jembamba, unasimama kando mpaka apite. Na mambo ya mwili wa mwanamke hayafiki masikioni mwake hata kwa bahati mbaya. Nimeyashika hayo yote kwa miaka minne na nilikuwa najisifu kimoyomoyo. Hakuna aliyewahi kusema mke wa Kambale hana adabu.

Jumanne tulitoka Masisi asubuhi. Baba mkwe alikuwa analeta fromaji, mimi nilikuwa nakuja kumwona dada yangu aliyejifungua hapa Sake. Tulipopita Lushebere nilikuwa mzima, hata niliimba kidogo. Barabara ilikuwa imegeuka uji. Jeep ilikuwa inapanda na kuanguka, inapanda na kuanguka, na mimi nimekumbatia tumbo kwa mikono miwili.

Karibu na Matanda nikasikia maumivu chini ya kitovu, halafu unyevu.

Nilijua. Sitajidanganya humu, nilijua palepale. Nikamwita mume wangu.

"Kambale, simama kidogo."

Akasimama. Mvua ilikuwa inamwagika. "Unataka kushuka?" akaniuliza akinitazama kwenye kioo. Na kabla sijajibu, baba mkwe akaanza kuitafuta fimbo yake chini ya miguu, akiguna, akiinua goti moja kwa mikono miwili kama mtu anayeinua mzigo wa mwingine. Kambale akafungua droo kutafuta koleo. Nikawaza: mzee atashuka kwenye mvua hii, atasimama kwenye matope, atanishikia mlango, na mimi nitapita mbele ya macho yake nguo yangu ikiwa vile.

"Apana," nikasema. "Tuendelee tu."

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

Hayo maneno mawili nimeyasikia kichwani siku mbili hizi bila kupumzika.

Kutoka Matanda hadi Sake tulitumia zaidi ya saa mbili, kwa matope yale. Nilikaa juu ya kitenge nilichokikunja mara nne. Baba mkwe alikuwa anasimulia habari za kreti za tomati zilizooza, na mimi naitikia, "Eee, Papa. Ndiyo, Papa." Mtu angepita na kuchungulia dirishani angesema, tazama familia yenye amani.

Tulipofika Sake sikuweza tena kuficha. Kambale alifungua waya kwa pupa, ukamkata kidole, akaendelea kuufungua na damu yake. Wakanileta hapa hospitalini. Muuguzi akauliza ilianza wapi. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Nikasema, "Hapa tu. Tulipoingia Sake."

Muuguzi akaandika kwenye karatasi. Nilimwona akiandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri, na sikumzuia.

Leo asubuhi daktari amenipima kwa mashine. Mtoto yupo. Moyo wake unapiga, nimeusikia kwa masikio yangu, unakimbia kana kwamba umechelewa mahali. Lakini kuna damu iliyojikusanya karibu na kondo la nyuma, na hapa hawana vifaa vyote vya kunisaidia ikizidi. Kesho asubuhi nipelekwe Goma kwa gari letu, maana gari la wagonjwa halipo. Akauliza tena ilianza lini. Alieleza kwamba anataka kujua kama inatoka kwa kasi au polepole, ili wale wa Goma wajue wanangojea nini. Mara hii baba mkwe hakuwepo. Nilikuwa peke yangu na daktari.

Nikasema tena Sake.

Ndilo linalonitisha kuliko damu. Ya Jumanne naweza kuiita aibu. Ya leo niiite nini?

Mchana Kambale akaja. Nywele zimelowa, mikono inanuka sabuni ya unga. Alikuwa ameng'oa kiti cha nyuma ili akioshe. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akatazama kidole chake chenye bandeji, kisha akasema polepole:

"Sifongo yote imeloa mpaka chini. Damu ya dakika kidogo haiwezi fika kule chini. Ile haiko damu ya Sake."

Nikavuta shuka hadi kidevuni. Akaendelea:

"Njo pale uliniambia nisimame?"

Nikatikisa kichwa kukubali: ndiyo, ni pale Matanda. Sikuwa na nguvu za kutunga uongo wa tatu.

"Juu ya nini haukusema, Furaha?" Ananiita kwa jina langu akiwa ameumia tu. "Ningefungua ile waya na meno."

"Papa alikuwa anatafuta fimbo."

Nilidhani atanigombeza, nami nilikuwa nimejiandaa kumrudishia habari za waya wa siku mbili. Lakini alianza kulia, kimya, mtu mzima, mbele ya wodi nzima. Akasema waya ni wake na kosa ni lake. Mimi nikasema mdomo ni wangu. Tukabaki hivyo, kila mmoja anavuta kosa upande wake, na hakuna aliyepona kwa kulichukua. Kisha akamwita muuguzi akamwambia karatasi irekebishwe. Nikarudia kila kitu, Matanda, maumivu, kitenge, saa mbili. Muuguzi alikata mstari wa zamani akaandika mpya. Hakunikemea. Afadhali angenikemea.

Kambale akatoka. Nilijua anakwenda kumwambia baba yake, na nilitamani kitanda kinimeze.

Kitandani pembeni yangu yuko mama mmoja wa Karuba, amejifungua jana, tunamwita Mama Mapasa kwa sababu ni mapacha. Kitanda chake kiko dirishani. Baada ya muda akaniambia, "Dada, mukwe yako iko nafanya nini mule mu gari?"

Nikainuka kwa kiwiko, ingawa sikuruhusiwa. Jeep ilikuwa uani. Kambale alikuwa amesharudisha kiti cha nyuma mahali pake. Baba mkwe, na magoti yale, alikuwa amekaa nyuma, mahali pangu. Baadaye Kambale alinieleza yote. Mzee alisikiliza habari mpaka mwisho, akaamuru kiti cha mbele kiinamishwe. Akajipenyeza nyuma akilia kwa maumivu. Akamwambia mwanawe arudishe kiti, akifunge waya kama Jumanne, akaze, afunge mlango, aende zake.

Alijaribu kutoka mwenyewe. Nilimwona. Alisukuma mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Alitafuta kile kishikio pembeni, akakivuta, akakivuta tena. Akageukia magunia. Watu wawili waliokuwa wamejikinga mvua walianza kucheka, kisha wakaacha. Mwishowe alitulia akaweka mikono juu ya mapaja, anatazama mbele. Alikaa hivyo mpaka Kambale aliposhindwa kuvumilia akaja na koleo.

Alipoingia wodini alikuwa anapumua kwa shida. Nikataka kuketi vizuri, akaniashiria nilale. Hakukaa. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Mutoto wangu," akasema, "ulikuwa naniogopa?"

Miaka minne hajawahi kuniuliza swali linalohitaji jibu la kweli. Nilitazama shuka.

"Sema tu. Sitakasirika."

"Ndiyo, Papa," nikasema. "Niliogopa. Na nilisikia haya."

Akainamisha kichwa. Akasema wake zake wote wawili walizaa na yeye akiwa mbali na biashara, na marehemu mama yake Kambale alipoteza mimba mbili kabla ya kumzaa yeye, na hakuna siku mtu alimweleza ilikuwaje. "Mimi nilizania ni vile wanawake hamupendake kusema. Kumbe ni sisi tulikuwa tunafunga mulango."

Kisha akatoa mpango wake wa kesho, kama anayepanga mzigo. Kambale anakesha leo na kile kiti: ameazima kufuli zima kutoka gari bovu la rafiki yake fundi hapa Sake, waya unatupwa. Nitakaa mbele mimi, mgongo wa kiti umelazwa nyuma mpaka unapofika. Yeye atakaa nyuma, upande wa dereva. Nikaanza kukataa, magoti yake, akanikatiza kwa kuinua mkono.

"Nitakuwa nakuuliza njiani. Kila kilima nitakuuliza. Na wewe utanijibu kweli. Kama damu inatoka, uniambie mimi: Papa, damu inatoka. Usimwambie Kambale kwa sauti ya chini. Uniambie mimi."

Nikasema, "Ndiyo, Papa."

"Sema sasa. Nisikie."

Nikafungua mdomo. Wallahi nilifungua. Neno "Papa" lilitoka, na mengine yakakwama palepale yalipokwamia Matanda. Alingoja. Akangoja tena. Mwishowe akanigusa mguu juu ya blanketi, mara ya kwanza kunigusa tangu nilipoolewa, akasema nipumzike, akaondoka na fimbo yake.

Sasa ni alasiri na naogopa kesho. Naogopa barabara, naogopa ile damu iliyojikusanya, na zaidi ya vyote najiogopa mimi mwenyewe. Kambale atatengeneza kufuli, hilo najua, mikono yake haikosei akishaamua. Lakini Jumanne gari lilisimama. Dereva aliniuliza. Mzee alishaanza kushuka. Kilichobaki kilikuwa mimi niseme, na sikusema. Mtoto hawezi kujisemea. Ana mdomo mmoja tu wa kumwombea gari lisimame, na ni huu wangu.

Kwa hiyo tangu alipoondoka nafanya mazoezi. Nimegeukia ukuta, nasema kwa kunong'ona: Papa, damu inatoka. Mara tatu, mara nne. Uso unaniwaka moto kila nikifika kwenye neno la pili.

Mama Mapasa amenisikia. Ananyonyesha mmoja na mwingine amelala mapajani pake. Hakucheka.

"Haisikike," amesema. "Gari inapigaka kelele. Rudilia."

Nimerudilia.

"Bado. Rudilia."