Bandeji ya Grafini Iliyopigwa Pasi

CHAMA CHA WAGONJWA WA KISUKARI
Kikao cha Jumamosi, tarehe 14 Juni, chumba cha nyuma cha duka la dawa

Kosa la wengi ni kudhani kwamba bandeji ikinyamaza, jeraha limepona. Wasiohudhuria wasome kumbukumbu hizi wakilijua hilo.

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Mhazini, Katibu, Fundi Cherehani na mkewe Mama Mapacha, na wanachama wengine tisa.
Mwalikwa: Muuguzi anayesimamia majaribio ya bandeji.
Hakuhudhuria: Makamu Mwenyekiti, bila taarifa, kama kawaida.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:15 asubuhi, baada ya kumwomba Mhazini aondoe mkoba wake kwenye kiti cha mwalikwa.

KUMB. NA. 2/6: BANDEJI ILIYONYAMAZA
Muuguzi alieleza kwamba bandeji ya Fundi haijatoa taarifa yoyote tangu Jumatatu. Fundi alisema mguu wake una ganzi ya kisukari, hausikii maumivu, kwa hiyo alidhani amepona, akarudi kukanyaga cherehani. Alipoulizwa kama bandeji iliwahi kutoka mguuni, alimtazama mkewe.

Mama Mapacha alieleza kwamba aliifua na kuipiga pasi. "Ilikuwa imekunjamana. Sisi ni mafundi. Kitambaa chenye makunyanzi hakitoki nyumbani kwetu."

Mwenyekiti: "Kwa hiyo mama, umeitia na mkunjo wa suruali?"

Wajumbe walicheka. Mhazini hakucheka.

Katibu aliombwa afafanue. Alieleza kwamba grafini ni kaboni, ndugu wa ile iliyomo kwenye penseli, ila hii ni utando ambao unene wake ni atomu moja tu. Umeme hupita humo kwa wepesi. Jeraha likianza kuharibika, joto na asidi yake hubadilika, mkondo wa umeme nao hubadilika, na kikasha kilichofungwa kiunoni, ambacho humtumia Muuguzi vipimo kila siku, hulia. Pasi haikuunguza grafini. Ilikunja plastiki iliyoibeba, utando ukapasuka. Bandeji hii si dawa, ni mlinzi, na mlinzi aliyezirai hapigi filimbi.

KUMB. NA. 3/6: HATIMA YA FUNDI
Mhazini alipendekeza Fundi aondolewe kwenye majaribio, wasije wengine wakanyimwa bandeji kwa sababu yake. Mama Mapacha aliuliza kama Mhazini amemsahau aliyemshonea suti ya harusi ya bintiye. Mwenyekiti aliamua kwamba suti haimo kwenye ajenda.

Fundi alisema: "Vidole viwili vimeshakwenda. Huu ndio mguu wa cherehani. Ukikatwa, nitabaki kushika tepu tu."

Muuguzi alivaa glavu na kulifungua jeraha hapo hapo. Kando zake zilikuwa nyekundu, zina joto, na usaha umeanza. Alisema: "Tumewahi, baba. Ukianza dawa leo, mguu huu utabaki wako."

Iliazimiwa kwamba Fundi abaki kwenye majaribio, apewe bandeji mpya, na isifuliwe. Mhazini aliomba upinzani wake uandikwe. Umeandikwa. Imeandikwa pia kwamba gari lililowapeleka Fundi na Muuguzi kwa daktari lilikuwa la Mhazini.

KUMB. NA. 4/6: KUFUNGA
Wajumbe waliinuka saa 5:40 asubuhi, baada ya Muuguzi kupiga simu kwamba Fundi ameshachomwa sindano ya kwanza.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................

Kwa kila mwanachama: leo, vua soksi utazame nyayo zako zote mbili.